Boila Iliyotaka Jina

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Ushindi! Meneja Eufrasia amesimama leo asubuhi mbele ya wafanyakazi wote akatangaza kwamba mwezi uliopita boila imekula maganda machache ya mbegu za pamba kuliko wakati wowote tangu kiwanda kifunguliwe. Akauliza ni zamu ya nani. Nikainua mkono polepole, kwa unyenyekevu. Halafu nikauinua zaidi, kwa sababu waliokuwa nyuma hawakuuona.

Siri ninayo mimi. Marehemu Mashimba, aliyekuwa Mkuu wa Boila hapa kwetu Bunda mpaka alipofariki wakati wa Pasaka, kila zamu alikuwa anafungua koki ya chini na kumwaga maji ya boila mtaroni. Maji ya moto! Yaliyochemshwa kwa maganda ya kampuni! Eti yamebeba chumvi ya kisima, yakikaa sana yanafanya povu. Mimi nimeacha kumwaga. Tena najaza maji mpaka juu kabisa ya kioo cha kupimia, nisilazimike kwenda kuchungulia kila mara. Maganda yanabaki, maji yanabaki, mimi napumzika. Watu wenye akili tuko wachache.

Kiti cha Mashimba bado kiko wazi. Meneja atamtaja mrithi mwezi huu huu. Tuko wawili tu, mimi na Gody. Gody ametokea Iringo, Musoma mjini, ana cheti cha chuo na miwani ya plastiki ya kazini anayoivaa hata wakati wa kula. Mimi nina uzoefu. Isitoshe, nimeshawaambia wakwe zangu kule Murangi kwamba cheo nimepata. Wakafanya ibada ya shukrani, wakachinja mbuzi. Kwa hiyo suala la kukosa halipo. Mbuzi hawezi kurudi.

Jumatano, 6 Agosti

Kuna kitu kinagonga ndani ya bomba.

Kimeanza mchana kweupe, jua likiwa utosini. Bomba kuu la mvuke linatoka kwenye boila, linapita juu ya vichwa vyetu, linashuka kwenye jungu kubwa ambamo mbegu za pamba zinapikwa kabla ya kukamuliwa mafuta. Humo bombani: ko, ko, ko. Kimya. Ko, ko, ko. Kama mtu aliyefungiwa ndani na anajua nje kuna watu. Kila likigonga, vumbi la pamba lililoganda juu ya bomba linadondoka.

Mashine ziliendelea na kazi, watu hawakuendelea. Bibi Wankyo, mama mtu mzima wa Butiama anayefagia maganda, alisimama na ufagio wake akasikiliza kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Mashimba alikuwaga anagonga hivyo hivyo na spana, akitaka chai."

Ni kweli, alikuwa anagonga hivyo hivyo. Nilisikia baridi mgongoni, na nilikuwa nimesimama mbele ya tanuru. Nikasema ni panya.

Gody akasema si panya, si marehemu, ni maji. Mvuke wetu umelowa. Maji yanatuama chini ya bomba, mvuke unapita kwa kasi unayasukuma, yanakwenda kugonga kwenye kona. Aliyasema hayo kwa sauti ya mwalimu wa zamu. Nikamuuliza mbele ya watu, tangu lini maji yakajua kuhesabu mpaka tatu? Walicheka. Halafu likagonga tena, wakaacha kucheka. Mimi ndiye niliyechelewa kuacha.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane. Kiwanda kimefungwa, moto wa boila ulizimwa jana. Nimeingia kwa kumpigia porojo mlinzi, kwenda kupima mlango wa ofisi ya Mkuu wa Boila. Nataka kibao cha jina kiwe tayari kabla ya tangazo, fundi asije akanichelewesha. Jina langu halichukui nafasi. Cheo ndicho kirefu.

Nilipomaliza nikajaribu kiti cha Mashimba. Kiti kizuri, kinaegemea vizuri, kina joto. Nilikuwa nimeshafika mlangoni nilipojiuliza hilo joto ni la nani.

Nikapita chini ya bomba. Jua lilikuwa linaingia kwenye matundu ya bati, vumbi la pamba limesimama hewani, halipandi wala halishuki. Nikaweka kiganja kwenye tumbo la boila. Baridi kabisa. Nikapiga hatua. Ko. Nikasimama, nalo likanyamaza. Nikapiga hatua nyingine. Ko, juu ya kichwa changu. Nikarudi nyuma kidogo, nalo likarudi nyuma.

Chuma kikipoa hulia. Hilo linajulikana na kila fundi. Naliandika hapa ili nilisome nikilihitaji.

Nilipofika getini niligundua ndala yangu moja imebaki ndani. Mlinzi akasema nirudi kuichukua. Nikamwambia nimeiacha makusudi, wezi waone kwamba kuna mtu.

Jumamosi, 9 Agosti

Gody amefanya kiini macho na meneja amemwamini.

Kwanza alifungua kikoki kidogo kwenye bomba. Akaeleza kwamba mvuke mkavu hauonekani. Pale unapotokea tunduni unaona hakuna kitu, mpaka usogee mbele, upoe, ndipo ufanye wingu. Na wingu si mvuke tena, ni matone ya maji. Wetu ulitoka mweupe tangu mdomoni, ukamtemea mate kwenye miwani. Nilifurahi kidogo.

Halafu akaleta ndoo ya maji baridi na mizani ya jikoni. Akaingiza mvuke kwenye ndoo, akapima uzito, akapima joto, akapiga hesabu kwa chaki ukutani. Jibu lake: katika kila kilo mia za kile tunachokiita mvuke, karibu ishirini ni maji matupu yaliyodandia safari. Akasema joto kubwa mvuke unaliacha pale unapogeuka maji juu ya jungu. Tone lililofika likiwa maji tayari halina la kutoa. Ndiyo maana mbegu hazijaiva wiki hizi na mafuta yamepungua.

Kumbe mafuta yamepungua! Hilo nilikuwa sijaambiwa.

Bibi Wankyo aliegemea ufagio akauliza kama ni kweli kwamba mvuke wenyewe hasa ni ule usioonekana. Gody akamjibu kwamba ndiyo, tena huo ndio wa kuogopwa, unaweza kukutoa nyama na hujauona. Bibi akaitikia kwa kichwa. "Hata waliotangulia wa kwetu wako hivyo," akasema, "huwaonagi, na ndio wenye nguvu." Hakuna aliyecheka. Meneja, ambaye ni Mkatoliki wa Nyegina na hana mchezo na mambo hayo, nilimwona akiangalia juu ya bomba.

Kisha akauliza kama maji ya chini yanamwagwa. Nikasema yanamwagwa inavyotakiwa. Sikusema uongo. Mimi ndiye ninayejua inavyotakiwa.

Gody anataka boila izimwe, bomba lifunguliwe, na ufungwe mtego wa maji, kidude kinachotema maji nje huku kikizuia mvuke usitoke. Meneja amesema kuna mzigo wa mafuta wa kumalizia, watazima Alhamisi. Kwa hiyo nina mpaka Alhamisi. Baada ya hapo kiti ni cha Gody.

Jumapili, 10 Agosti

Mpango umenijia kanisani, katikati ya mahubiri. Nilikaribia kusema amina mahali pasipo pake.

Jana wakati wa kutoka kazini Bibi Wankyo aliwaambia wa kwenye jungu kwamba boila haiumwi, inalia. Sisi watu wa Mara tunalijua jambo hilo, kila kabila kwa namna yake. Mtoto mchanga akilia siku nzima, akikataa ziwa, wazee wanakaa wanamtajia majina ya waliotangulia, mmoja mmoja. Jina likitajwa akanyamaza, basi ndiye huyo, amerudi, anataka kuitwa. Bibi alisema huyu Mashimba, au yeyote yule, atatajiwa majina kama watoto wengine.

Na mimi nina kitu ambacho wao hawana. Nyuma ya jungu, chini kabisa pale bomba linapokunja kona, kuna koki ya kutolea maji iliyosahaulika. Jana mchana niliifungua. Ikakohoa maji ya kutu mengi ajabu, na kugonga kukakoma hapo hapo! Nikaifunga. Baada ya muda kukaanza tena. Kwa hiyo huo mgongo, sijui niuite nini, huo ugongaji uko mkononi mwangu.

Basi majina yakitajwa, nitakuwa nimejificha nyuma ya jungu. Bibi akifika kwa babu yangu, mzee Magesa wa Murangi, nafungua. Kimya! Boila imekuwa Magesa. Na mtoto mwenye jina la babu yako ni babu yako, unamlea wewe, unamlisha wewe, hakuna mtu baki anayemgusa. Meneja afanye nini? Amweke Gody amlee babu yangu?

Ningeweza pia kuiacha koki wazi kidogo mpaka Alhamisi, ugongaji ukaisha na mbegu zikaiva. Lakini hapo nani angejua kwamba ni mimi?

Jumatatu, 11 Agosti

Wafanyakazi wa kwenye jungu wamekataa kupita chini ya bomba. Wamekaa uani kwenye magunia. Sikuwachochea, niliwauliza tu kama wana watoto.

Sauti imebadilika. Si ko tena, ni du. Unaisikia miguuni kabla ya kuisikia masikioni. Saa ya chakula ilikuja du moja, vikombe vyote vya chai vikasogea mezani upande mmoja, upande wangu.

Meneja Eufrasia alisema hataki mambo ya kienyeji kiwandani kwake. Halafu akatazama uani, akatazama mzigo wa mafuta, akasema kesho mchana atakuwa kikaoni Musoma na asilolishuhudia halijui. Mwanamke mwenye busara.

Gody amefunga kamba kuzunguka kona ya bomba nyuma ya jungu. Ameniambia ana kwa ana kwamba kona ile inapigwa na maji tangu juma lililopita, nayo ni ya chuma cha zamani, mtu asisimame pale hata kwa dakika moja. Aliniangalia sana aliposema hivyo. Nadhani amehisi kitu kuhusu mpango wangu, ananitisha nisiikaribie koki. Jioni nimeifungua kamba ile, ilikuwa inanizuia kupita.

Jumanne, 12 Agosti

Nitaandika kama yalivyotokea.

Mchana tulikusanyika. Bibi Wankyo alivua viatu, akamwaga unga wa mtama kidogo mbele ya tanuru, akaanza. Nilikuwa nimeshajibanza nyuma ya jungu, nimeshika koki kwa kitambaa. Gody alisimama kwenye valvu kuu amekunja uso. Alikuwa ameshasema hashiriki, ila haondoki pale.

Bibi akamtaja Mashimba kwanza. Du, du, du. Watu wakashusha pumzi, kwa hiyo siye yeye. Akataja mafundi wa zamani, akataja mwenye shamba la zamani palipojengwa kiwanda, akataja wanawake waliokufa mwaka ule wa kipindupindu. Kila jina, du. Bomba lilikuwa linaruka kwenye vishikizo vyake. Nilikuwa nimempa Bibi jina la babu mapema, kama mchango tu. Hatimaye akalitaja. Magesa!

Nikafungua koki. Haikutoa kitu! Nikaizungusha mpaka mwisho. Tone moja jeupe, zito, likaning'inia pale, basi. Imeziba! Chokaa nyeupe imejaa mdomoni. Juu yangu du, du, du, bila kupumzika. Bibi akataja tena Magesa, nadhani kwa kunihurumia. Du. Nikaanza kuigonga koki na spana. Sasa tulikuwa wawili tunaogonga, mimi na yeye, na kwa muda mfupi ikawa kama tunajibizana. Sikulipenda hilo.

Majina yakaisha. Bibi alikuwa amechoka, jasho linamtoka. Akageuka akaniona nyuma ya jungu na spana yangu. Akafoka, "Wewe Alfonce!"

Kimya.

Kimya kabisa. Bomba lilitulia kana kwamba halijawahi kugonga tangu lifungwe. Hata mashine nilikuwa sizisikii tena. Watu wote waligeuza vichwa taratibu wakaniangalia, na hakuna hata mmoja aliyekuwa ananiangalia kama mtu anayemfahamu.

Nikatoka nyuma ya jungu. Nilijiambia lazima nitoke, nipinge, kuna makosa yamefanyika, jina linalotakiwa ni la marehemu na mimi ni mzima, nimekula mihogo asubuhi. Nilikuwa nimefika katikati ya sakafu nimeinua kidole. Ndipo kona ya bomba ikapasuka, mahali nilipokuwa nimechuchumaa. Mlio sikuusikia. Niliona tu ukuta wa nyuma ya jungu umetoweka ndani ya weupe, na ile ndoo ya Gody ikipita hewani polepole.

Gody alifunga valvu. Hakuna aliyeumia. Wingu lilipotawanyika, spana yangu ilikuwa imejipinda.

Alhamisi, 14 Agosti

Boila imezimwa na kufunguliwa. Gody alimwonyesha meneja kona iliyopasuka. Kwa nje kutu ya kawaida. Kwa ndani imelambwa. Chuma kinene kimekuwa chembamba kama bati la sardini, kinang'aa, kina mistari laini kama ya ulimi. Gody alisema ni matone, mvuke ukilowa matone yanakwenda kwa kasi yanakula chuma. Bibi Wankyo aliangalia mara moja akajifunika kanga.

Tumboni mwa boila, chokaa nyeupe nene kila mahali na povu lililokauka. Meneja aliuliza nani aliacha kumwaga maji ya chini. Nikasema kwa masikitiko kwamba sipendi kumsema aliyelala, lakini jambo hilo lilianzishwa na Mashimba.

Ilikuwa hoja nzuri. Mashimba hawezi kuikanusha. Lakini mara tu niliposema, bomba lililokatwa, lililolala sakafuni, lisilounganishwa na kitu chochote, liligonga. Mara moja. Wote tulilisikia. Meneja akafunga mkutano.

Gody ndiye Mkuu wa Boila. Ameanza kwa kumwaga maji, kama marehemu. Hana ubunifu wowote. Mimi nimehamishiwa kituo cha kununulia pamba Butiama. Meneja amesema huko hakuna bomba lolote.

Jambo moja la ajabu. Tangu Jumanne hakuna anayetaja jina langu. Gody ananiita "ndugu". Mlinzi anasema "yule". Bibi Wankyo ananiita Baba Clever, kwa jina la mwanangu, wakati kwa miaka yote alikuwa ananiita Alfonce tena kwa kufoka. Nilipomuuliza alisema jina lile sasa lina mwenyewe. Ni heshima kubwa, nimeipokea.

Jumapili, 17 Agosti

Nimekuja Murangi kuaga. Nimewaambia wakwe kwamba nimepanda tena, sasa ni Mkuu wa Kituo. Baba mkwe aliuliza kama mbuzi wa kwanza atatosha kwa vyeo vyote viwili. Nikasema nitafikiria.

Mke wangu Dorotea hakufurahi. Anasema tangu Jumanne mchana tangi letu la bati la maji ya mvua linagongwa kutoka ndani. Amelichungulia, halina maji wala mjusi. Nikamweleza habari za chuma kupoa. Akasema, "Jua lote hili, kinapoaje?" Wanawake wana maswali.

Baada ya ibada nilikwenda kumwona dada yangu Recho, amejifungua mtoto wa kiume. Mtoto analia tangu Jumanne. Hanyonyi, amekuwa mdogo kama samaki wa kukaushwa. Mama na wazee walikuwa wamezunguka wanamtajia majina, wameshamaliza ukoo wa baba, wamemaliza ukoo wa mama, wamemtaja hata Magesa. Analia tu, sauti imekauka. Nikaona nichangamshe nyumba. Nikasema, hebu mleteni ashikwe na mjomba wake Alfonce, Mkuu wa Kituo!

Akanyamaza.

Alifungua macho akaniangalia. Mtoto wa siku chache haangaliagi mtu hivyo, ananitazama kama anayenilinganisha na kitu. Kisha akageukia ziwa akanyonya. Chungu kilikuwa kinachemka nje, nikasikia kila tone linaloangukia moto.

Mama alianza kulia. Alisema mtoto hachukui jina la aliye hai. Anachukua la aliyekwisha kwenda, au la anayekwenda. Akanishika mkono akaniomba nisirudi kazini, nikae Murangi, nivue samaki wa furu ziwani na wenzangu. Dorotea naye akanishika mkono mwingine. Hawajazoea kuona mtu wa ukoo wao akiheshimiwa angali hai, ndilo tatizo. Boila ya Bunda, sasa mtoto wa Murangi. Nani mwingine kwenye familia hii amepata wajina wawili katika juma moja? Nimewaambia wasihofu, nimepanda gari la mchana.

Jumatatu, 25 Agosti

Butiama. Hewa nzuri, mawe makubwa, watu wastaarabu. Ghala ni langu peke yangu, na meneja alisema kweli, bomba hakuna hata moja.

Kazi yenyewe ni ya mtu wa maarifa. Mkulima analeta pamba, mimi naingiza mkono katikati ya furushi kuhisi kama ameinyunyizia maji ili uzito uongezeke. Hawa watu ni wajanja, juu kavu, ndani imelowa. Lakini mimi nimetoka kwenye mvuke, hawanidanganyi. Nimewarudisha wengi, nikiwahubiria kuhusu unyevu mpaka wakachoka.

Tatizo: kituo cha jirani kilinipita kwa uzito. Nikafikiri. Pamba nikishaipokea si ya mkulima tena, ni yangu kuitunza. Na pamba ikikauka sana inapungua uzito, hilo ni hasara ya kampuni. Basi nimekuwa nainyunyizia kidogo kila siku baada ya kufunga. Kidogo tu, maji ndoo chache. Rundo limefika karibu na kenchi za paa. Ijumaa meneja Eufrasia alipiga simu akanipongeza mbele ya Gody, nilimsikia Gody akiguna pembeni. Akauliza kupitia simu ya meneja kama nimepima joto ndani ya rundo, eti pamba mbichi ikilundikwa inajipasha yenyewe mpaka ishike moto. Wivu haujawahi kumwacha.

Kweli rundo lina joto. Ndani ukiingiza mkono huwezi kuuacha. Mimi naliona ni faida, Butiama asubuhi kuna baridi, na mchana nalala juu yake vizuri sana. Leo mchana nimeamka nikaona mvuke unapanda kutoka katikati, mwembamba, umesimama wima, hauyumbi ingawa mlango ulikuwa wazi na upepo unaingia. Harufu ya kitu kilichoungua kwa mbali, pengine jirani anachoma mahindi.

Wakulima waliokuwa kwenye foleni walisogea nje. Mmoja akaniita, "Baba Clever, toka humo." Hata huku hawalitaji jina, sijui nani amewaambia.

Nimefunga mlango wa ghala ili niandike kwa utulivu, nimeegemea rundo, mgongo unapata joto. Na sasa hivi, ndani yake, katikati kabisa, mahali ambapo hakuna bomba wala chuma wala kitu kigumu cha aina yoyote, kimegonga. Safari hii ni polepole, kwa adabu, kama mgeni aliyetoka mbali na hana hakika na nyumba. Huku nyumbani kwangu hajaja mgeni hata mmoja tangu nihamie.

Nimesema karibu.